Kufuli la Bastola ya Dewayne

Ubishi wa kufuli ulianza tena Jumapili ile kabla hata kahawa haijapoa. Wanaume watatu wa ulinzi wa Kanisa la Kibatisti la Tull Creek walikuwa wamejifungia katika chumba cha makoti, kama walivyofanya kila Jumapili saa tatu na nusu asubuhi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kushinda ubishi ule, hakuna aliyeuchoka.

"Bastola isiyo na kufuli ni gari lisilo na breki," alisema mzee Harlan Pruett.

"Na yenye kufuli ni gari linalokuuliza kama una uhakika unataka kwenda, mwizi keshaingia kiti cha nyuma," akajibu Coy Laster, mkwewe, mume wa bintiye Janell.

"Nyinyi wawili mngeoana tu," akasema Lavon Tidwell, mdomo umejaa donati, "Janell wa watu akapumzika."

Kufuli lenyewe walilogombania ni kipande cha chuma kisichozidi ukucha, ubavuni mwa bastola. Likiwa juu, bastola hailii hata ukivuta kifyatulio kwa mikono miwili. Ukilishusha kwa dole gumba, bastola iko tayari. Ya Harlan ilikuwa nalo. Ndiyo aliyoivaa miaka ishirini na sita ya uaskari wa kaunti, na alipostaafu akaendelea kuivaa, maana kule kwao Oklahoma mwanamume kwenda na bastola kanisani si habari, habari ni kuisahau nyumbani. Ya Coy haikuwa na kufuli. Aliivaa mbele, ndani ya kiuno cha suruali, upande wa kulia wa kitovu, mtutu ukielekea kinenani, na risasi moja ndani ya chemba siku zote.

Watu walidhani Coy ni mbishi tu. Alikuwa mbishi kweli, fundi wa viyoyozi wa miaka thelathini na tisa asiyekubali kurekebishwa hata njia ya kwenda kwake mwenyewe. Lakini hili halikuwa la ubishi. Kaka yake, Dewayne, aliuawa na jambazi miaka kumi na moja iliyopita nyuma ya kaunta ya kituo cha mafuta alichokisimamia. Harlan ndiye askari aliyefika wa kwanza. Coy akafika nyuma yake, akapenya hadi ndani kabla hawajamzuia, akaiona bastola ya Dewayne imelazwa juu ya kaunta, kufuli liko juu. Limefungwa. "Hakuwahi kulishusha?" aliuliza. Harlan alinyamaza, na Coy akauchukua ukimya ule kuwa jibu.

Tangu siku hiyo alijua ni nini kilichomuua kaka yake, na alimwambia kila mwenye masikio: kipande cha chuma cha ukubwa wa ukucha, na dole gumba lililokufa ganzi kwa hofu. Kila Jumamosi alisimama katika gereji yake akaichomoa bastola mara mia, mikono isije ikasahau. Katika ubishi wao wote Harlan hakulitaja jina la Dewayne hata mara moja. Coy aliihesabu hiyo kuwa heshima.

Harlan aliomba dua fupi, kofia mkononi. Kisha ikafuata kanuni yake: kila mtu achomoe, arudishe nyuma kidogo sehemu ya juu ya bastola, achungulie kama shaba ya risasi inang'aa ndani, aonyeshe wenzake, airudishe alani. Coy alikuwa na mtindo wake. Aliichomoa, akachungulia, akaonyesha, kisha akairudisha bila kuangalia chini, macho yako kwa mkwewe, kama mtu anayekunja leso.

"Angalia unapoirudisha," alisema Harlan. Alisema hivyo kila Jumapili.

"Ala haijahama, mzee."

Ala haikuwa imehama. Koti ndilo lililokuwa jipya. Akina mama wa kanisa walikuwa wamewashonea walinzi makoti mepesi ya buluu, yenye kamba pindoni ya kukaza koti upepo wa Oktoba ukivuma, na nchani mwa kamba kifundo cha plastiki. Siku hiyo ndiyo waliyavaa kwa mara ya kwanza.

Bastola ilishuka nusu, ikakwama. Mkono uliozoea haukuuliza, ukasukuma kidogo. Ndipo Coy akasikia kwenye kiganja kitu alichokijua kuliko sauti ya mkewe: kifyatulio kinarudi nyuma, taratibu, kinamaliza ulegevu wake wa mwanzo, kinafika pale panapogoma. Baada ya pale hakuna kitu kingine. Baada ya pale ni mlio.

Akaganda, amepinda mgongo kidogo, mkono juu ya mpini.

"Vipi, kiuno?" akacheka Lavon. "Mke wangu ana dawa ya kuchua, lakini inanuka kama..."

"Asiniguse mtu."

Alisema polepole sana, na Lavon akaacha kutafuna.

Harlan aliinama mbele yake, akavaa miwani. Alitazama muda ambao Coy aliuona mrefu kuliko mahubiri. "Kamba ya koti imeingia," alisema. "Imepita mbele ya kifyatulio."

"Najua."

"Imekivuta?"

"Kimefika panapogoma, mzee. Nimebakiza unywele."

"Usiivute juu. Kifundo kimenasa kwenye mdomo wa ala, ukivuta kamba itakaza. Usiisukume chini pia. Usifanye kitu."

Ndipo Coy akasikia uimbaji. Ulikuwapo muda wote, lakini ndipo akausikia. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na ng'ambo ya ukuta ule watoto kumi na wanne wa shule ya Jumapili walikuwa wamekaa kwenye zulia, wakiimba na kupiga makofi, na Janell akiwaongoza kwa sauti yake ya juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Coy alipiga hesabu ya mtutu bila kutaka. Jinsi alivyopinda, ulielekea chini na nyuma. Ungepita kwenye kinena, ungetoka pajani, kisha ukuta. Na watoto walikuwa wamekaa chini.

Harlan alikuwa amepiga hesabu ileile. "Lavon. Watoe watoto nje, uwanja wa magari, upande wa barabara. Mwambie Janell ni zoezi la moto. Halafu niletee mkasi."

"Nina kisu hapa," alisema Lavon, na mkono wake ulitetemeka mfukoni.

"Kisu huvuta kabla ya kukata. Mkasi. Na usikimbie, watoto wakiona unakimbia watapiga kelele."

Lavon aliweka donati yake juu ya rafu ya kofia, kwa uangalifu, kama yai, akatoka.

Coy aliogopa. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe asingekubali kulisema: aliogopa hadi masikio yakaziba. Walipofundishwa huduma ya kwanza, mwalimu aliwaambia kwamba mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu ana dakika tatu, na kwamba ukikatikia juu kabisa, pale kinenani, hakuna mahali pa kufunga kamba ya kuzuia damu. Coy ndiye aliyeuliza swali siku ile. Aliuliza, "Kwa hiyo mtu hufanya nini?" Mwalimu akasema, "Humkandamiza kwa goti, na kuomba."

Kila alipovuta pumzi, tumbo lilisukuma mpini. Kila tumbo liliposukuma mpini, kamba ilikaza kidogo. Akaanza kupumua kifuani, pumzi fupi kama za kuku. Jasho lilimshuka puani likaning'inia, na hakuthubutu kulifuta. Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, na akawaza: ukiniangusha huu, basi.

"Nigeuze," alisema. "Nielekee ule ukuta wa watoto. Mtutu uangalie matofali ya nje."

"Watoto wanatoka sasa hivi."

"Nigeuze, mzee. Wakichelewa je? Mmoja akirudia viatu?"

Harlan hakumgusa. Alishika pindo la koti pande zote mbili kwa vidole, alilishika jinsi mtu anavyobeba sinia la mayai, na Coy akageuka kwa vihatua vya nusu unyayo. Kimoja. Cha pili. Katika cha tatu kisigino kilikanyaga mkunjo wa zulia, mwili ukayumba, na kamba ikakaza. Coy alifumba macho. Ng'ambo ya ukuta kiti kilianguka, mtoto akacheka, na Janell akasema, "Mstari, mstari, nani anajua kupanga mstari?" Bastola haikulia. Akafungua macho, akamaliza kugeuka. Sasa nyuma yake palikuwa na matofali, na mbele yake ni ule ukuta wa mbao, na sauti za watoto zikipungua, hadi kukabaki kimya.

Mlango ulifunguka kidogo. Mkono wa Lavon uliingia na mkasi. Ulikuwa mkasi wa watoto, wa plastiki nyekundu, ncha za mviringo, meno yameganda gundi na vumbi la kumetameta.

"Huu ndio uliopo?" aliuliza Harlan.

"Ndio uliopo. Nimetafuta hadi jikoni. Wote wako nje. Janell anauliza."

"Coy?" Ilikuwa sauti ya Janell, nyuma ya Lavon. "Coy, mbona hatuambiwi? Baba?"

"Kaa na watoto," alisema Coy.

"Niambie kwanza kama..."

"Janell! Kaa na watoto." Tumbo lilipanda na ile sauti, na ilimbidi akae kimya hadi lishuke. Lavon aliufunga mlango, wakamsikia akimsihi Janell arudi nje.

Harlan alipiga goti moja, kisha la pili, magoti yakalia kama kuni kavu. Alipitisha mkono wa kushoto chini ya pindo, akaikamata kamba kati ya vidole viwili, karibu na ala, ili mkasi usiivute. Kisha akaleta mkasi. Ndipo Coy alipoona.

"Mikono yako, mzee."

"Inatetemeka tangu mwaka juzi. Unadhani kwa nini nalipenda kufuli?"

Coy alitaka kucheka na hakuweza, kicheko nacho kingelisukuma tumbo. "Mwite Lavon akate."

"Lavon anatetemeka zaidi yangu, tena yeye hana sababu." Harlan aliegemeza kiwiko kwenye goti la Coy ili mkono utulie. Meno ya mkasi yakaikuta kamba. Halafu hakukata. "Kabla sijakata, kuna jambo."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mkasi ukiteleza sitapata siku nyingine ya kukwambia. Na nikikwambia kesho, kesho nitapata sababu ya kungoja kesho kutwa. Nimekuwa nikizipata miaka kumi na moja."

Coy alikitazama kichwa cha mkwewe, upara wenye madoa, na kabla hajaambiwa alijua linamhusu nani.

"Ile bastola ya Dewayne," alisema Harlan, bila kuinua uso. "Mimi ndiye niliyeitoa mkononi mwake. Haikuwa imefungwa. Kufuli lilikuwa chini. Niliiokota, na dole gumba langu likalipandisha lenyewe. Kila bastola niliyowahi kuiokota sakafuni nililipandisha. Sikufikiri hata kidogo. Nikailaza kaunta, nikageuka, na wewe ukawa umeshaingia. Ukaliangalia, ukasema hakulishusha."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, mzee!"

"Pumua kifuani, mwanangu. Kifuani."

Hasira ilikuwa imempanda Coy kutoka miguuni, hasira ya kumvunja mtu shingo, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Asingeweza kupiga teke, wala kuinua mkono, wala kupaza sauti. Mpini ulikuwa umepanda na tumbo, na kwenye kiganja alisikia kifyatulio kikitafuta ule unywele uliobaki. Akaogopa kufa kwa hasira yake mwenyewe. Akaimeza kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyomeza uji wa moto, hadi mpini ukashuka.

"Kwa nini?" alisema alipoweza.

"Mwanzo niliogopa kazi. Nilikuwa nimevuruga ushahidi. Baadaye nikaona limekusaidia. Ulikuwa na kitu cha kulaumu, ukaweza kula, ukaweza kumuoa binti yangu. Nikasema nitamnyang'anya kwa lipi?"

"Basi hakuwahi. Jambazi alimuwahi."

Mkasi ulikuwa bado umeiuma kamba. "Kidole chake kilikuwa nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipoinunua. Na mteja mmoja, mama aliyekuwa nyuma, kwenye friji la barafu, alimsikia. Dewayne alimwambia jambazi, 'Weka chini, mwanangu, uende nyumbani.' Kimya kikapita. Akasema tena, 'Weka chini, uende nyumbani.' Ndipo ukasikika mlio. Mmoja."

Nje, mtoto mmoja alianza ule wimbo upya, na wengine wakamfuata.

"Alikuwa na muda wa kusema mara mbili, Coy."

Jasho lililokuwa puani lilidondoka juu ya mkono wa Harlan. Miaka kumi na moja, Jumamosi baada ya Jumamosi, mara mia gerejini, ili lisimpate yeye lililompata kaka yake. Na kumbe kaka yake hakupatwa na lolote. Alisimama na bastola iliyo tayari mkononi, akamtazama mtu, akachagua. Ilikuwa afadhali lile kufuli. Kufuli unaweza kuliepuka, ukanunua bastola isiyo nalo.

"Kata," alisema.

Mkasi ule haukukata, ulitafuna. Uliitafuna kamba uzi kwa uzi, na kila uzi ulipokatika kulikuwa na mshtuko mdogo ambao Coy aliusikia hadi kwenye meno. Harlan alikuwa akihesabu kwa kunong'ona, au akiomba, haikujulikana. Mara mkono wake ukaruka, mkasi ukateleza, ukagonga mpini. Wote wawili waliacha kupumua. Bastola ilinyamaza. Harlan akarudisha mkasi palepale, akauma tena, na upande wa kwanza ukaachia. Upande wa pili ulikuja upesi zaidi. Koti likalegea, kamba iliyobaki ikalala mdomoni mwa ala, fupi, haina wa kuivuta.

"Sasa mkanda. Nitoe kila kitu kwa pamoja. Usiisaidie."

Alifungua mkanda wa Coy, akachomoa ala pamoja na bastola yake ndani, akaibeba kwa mikono miwili hadi kwenye rafu ya chini na kuielekeza kwenye matofali. Pale ndipo alipoondoa magazini ya risasi, akakilegeza kile kifundo kwa ncha ya kalamu, akaitoa risasi ya chemba. Risasi ilibiringika sakafuni, mzee hakuifuata. Aliegemea ukuta, rangi ya uso imemtoka, akakaa chini kama alivyokuwa.

Coy alibaki wima. Alitarajia nafuu, kwa kuwa watu husema hofu ikiondoka mtu huhisi mwepesi. Nafuu haikuja. Alikuwa akiliwaza lango la kanisa, pale anaposimama kila Jumapili. Aliwaza mtu anaingia, koti refu, mkono umefichwa. Miaka yote aliiona picha ile hadi mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa yeye kuwahi. Sasa ilikatikia katikati. Alijiona amechomoa, kidole kimenyooka ubavuni, kinywa kimefunguka, na hakujua kingetoka nini, wala hakujua lipi lilimtisha zaidi, kupiga au kutopiga.

Mlango ulisukumwa. Janell alikuwa amempita Lavon, nywele zimefumuka kwa upepo, na watoto wawili watatu wamemfuata wakachungulia chini ya mikono yake. Alimtazama babake aliyekaa sakafuni, kisha mumewe, akamtazama kuanzia kifuani hadi miguuni akitafuta damu.

"Umeumia wapi?"

"Dewayne alikuwa amelishusha kufuli," alisema Coy.

Janell hakuelewa. Alimgeukia babake, na babake akainamisha uso.

"Alikuwa amelishusha, Janell. Lilikuwa chini. Angeweza kumpiga yule mtu, na hakumpiga."

Upande wa pili wa kanisa kinanda kilianza, waumini wakasimama kuimba, na hakukuwa na mlinzi hata mmoja langoni. Coy Laster alilia mbele ya watoto, kwa sauti, mkono mmoja umeishika suruali isimdondoke.